Ramani za Ukutani

Wapo waungwana wanunuao ramani kuukuu za Ufipa kwa fedha nyingi, wakazitia fremu, wakaitana wajuzi. Wajuzi wa karatasi! Mwaka 1880 Joseph Thomson alilifikia Ziwa Rukwa akaliita Leopold, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji asiyelitia machoni kamwe. Wajerumani nao wakaibandika Kasanga jina la Bismarckburg. Mkusanyaji huyapenda majina hayo kwa kuwa yamekufa. Ufu wake ndio unaompandishia bei. Rukwa na Kasanga, yasiyohitaji wino wake, yamo vinywani mwa Wafipa hadi leo. Basi mwenye karatasi hizo na apeleke nakala Sumbawanga, wazee wazisome, wasahihishe vijito na vilima, kwa kalamu nyekundu wakipenda.