Vipimo vya maji taka visiishie NEMA

Chini ya Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, kiwanda chenye leseni ya kumwaga maji taka kilitakiwa kujipima na kupeleka matokeo NEMA kila miezi 3. Wavuvi wa Tudor na Makupa je? Maji ya horini hayabadiliki upesi kama ya bahari kuu. Uchafu unaooza humaliza hewa ya oksijeni majini, na kamba na kaa wa mikokoni hawana pa kukimbilia. Mvuvi huona dema tupu, vipimo havioni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari hizo. BMU ziyaombe matokeo kwa maandishi, nayo NEMA iyabandike madikoni. Anayejipima mwenyewe hakosi kuhitaji shahidi.