Dirisha la malipo hospitalini ni darasa la siasa

Hivi majuzi mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa na shinikizo la damu lililopanda kupita kiasi. Nilipomwuliza sababu ya kuacha dawa, alinijibu kwa upole, "Daktari, nilikuwa nangojea Mheshimiwa. Alisema ataleta dawa."

Hakuwa akitania. Alikuwa amemngoja mwakilishi wa wadi kwa miezi miwili, wala hakuona haja ya kuuliza kwa nini rafu za zahanati ya mtaani kwao zilikuwa tupu. Mheshimiwa huyo ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti inayonunua dawa hizo!

Wako watakaosema huo ni ujinga. Mimi nasema mama huyo alifunzwa, na mwalimu wake ni serikali.

Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya shilingi tano iliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Desemba 1989 ukaja mpango wa kugawana gharama. Ada ya kujiandikisha ilisimamishwa mwaka 1990 baada ya miezi tisa tu, kisha ikarejeshwa polepole. Katika kliniki moja ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti waligundua kwamba katika miezi hiyo tisa wanaume waliofika kutibiwa walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Sisi madaktari tukisoma takwimu hizo huwaza kisonono na kaswende zilizobaki bila tiba. Lakini je, waliogeuzwa pale dirishani walirudi nyumbani wakiwa wamejifunza nini juu ya serikali yao?

Walijifunza kwamba asiye na pesa atafute mtu. Na mtu alipatikana. Bili ya hospitali ikawa harambee, mgeni wa heshima akawa mwanasiasa, na familia nzima ikabaki na deni lisiloandikwa popote. Aliyelipiwa bili ya mwanawe hawezi kusimama barazani na kumwuliza mfadhili wake fedha za zahanati zilikwenda wapi. Ataona haya. Siku ya kura atakwenda kulipa deni.

Mwaka 2004 ada ilipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya. Kisha Juni 2013 ikaondolewa kabisa huko, na kujifungua kukawa bila malipo katika hospitali zote za umma. Hapo ndipo nilipoanza kusikia lugha mpya wodini. "Si serikali ilisema ni bure? Mbona natumwa kununua glavu na pamba?" Wauguzi walikasirika, na nakiri kwamba hata mimi niliudhika, kwa kuwa glavu hazikuwapo na si sisi tuliozificha. Hata hivyo, mama aliyeuliza hivyo hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akidai chake. Haki ya afya ilikuwa imo katika Kifungu cha 43 cha Katiba tangu 2010, lakini wengi waliifahamu siku walipoambiwa hawadaiwi.

Sasa tuna bima mpya ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mtu akikatwa kila mwezi, kisha karani akamwambia mtambo umekwama na alipe kutoka mfukoni, atajifunza somo lingine, baya kuliko lile la 1989: kwamba hata aliyelipa ni mwombaji.

Nilimwandikia mama yule dawa za mwezi mmoja. Nikamweleza pia kwamba zahanati ina kamati, na kwamba kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Alinisikiliza kwa makini, akakunja karatasi yake, kisha akauliza, "Mkutano huo, daktari, wanatoa nauli?"