Baada ya Chanjo ya Miezi 18, Mtoto ni wa Nani?

Mzazi anayemwandikisha mtoto darasa la awali huulizwa umri wa mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Ni nadra kuulizwa iwapo mtoto huyo anasikia.

Swali hilo si dogo. Sikio linalotoa usaha miezi nenda miezi rudi, ambalo nyumbani hutiwa mafuta ya moto au huachwa likauke lenyewe, hupunguza usikivu. Mtoto mwenye sikio la namna hiyo haitiki akiitwa kwa nyuma, hutamka maneno nusunusu, na wenzake wakiimba yeye hutazama midomo yao. Nyumbani ataitwa mkaidi, na darasani ataitwa mzito, naye atakua akiyaamini majina hayo.

Kliniki humfahamu mtoto vizuri hadi miezi 18, anapopata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Anapaswa kuendelea kupimwa hadi atimize miaka 5, lakini wazazi wengi huona kwamba sindano zikiisha kliniki nayo imekwisha, na mara nyingi hawaelezwi vinginevyo. Tangu hapo mtoto huonekana kituoni akiugua tu. Miaka hiyo isiyo na mwenyewe ndiyo miaka ya lugha na ya kujifunza kuishi na wenzake. Aidha, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na hilo si jambo ambalo mwalimu wa awali anaweza kulirekebisha kwa chaki.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazitaka sekta zote zimlee mtoto kwa pamoja. Kauli ni njema. Nionavyo mimi, pa kuianzia pako tayari: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ile inayotangulia uandikishaji wa shule ialike pia mwalimu wa darasa la awali. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anazijua kaya. Mwenyekiti wa kitongoji anajua ni mtoto gani ameletwa kwa bibi yake na hajapelekwa popote. Bibi huyo naye aitwe, kwa kuwa ndiye anayejua mtoto anakula nini na anazungumza vipi. Kadi itazamwe, uzito na urefu vipimwe, masikio yachunguliwe, mtoto aitwe kwa sauti ya chini akiwa amegeuza mgongo. Hilo halichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Linaonyesha nani ampeleke mtoto kwa daktari.

Gharama? Wapo wazazi wanaochangishwa joho na keki kwa mahafali ya darasa la awali, ilhali uji wa shule umekosa unga. Fedha hazikosekani kila mahali tunapoambiwa hazipo.

Mzazi naye asingoje siku hiyo. Usaha sikioni ni sababu tosha ya kwenda kituoni, hata kama mtoto hana homa na anacheza kama kawaida.