Kazi ya Mshenga Katika Kompyuta

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule hii apendaye kompyuta atakuja kufanya kazi gani, aghalabu atakujibu kwamba atatengeneza michezo, au programu za simu ambazo kila mtu ataziona na kumsifu. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema kwamba atatengeneza kitu kisichoonekana na mtu. Walakini kazi ya namna hiyo ipo, nayo yahitaji watu, na kwa maoni yangu yatufaa sisi wanafunzi wa nchi hii kuliko ile ya michezo. Ni kazi ya kuziunganisha programu za kampuni na ofisi kubwa ili zipate kusemezana.

Wasomaji wengine, hasa wazee wetu, watauliza: je, kompyuta hazisemezani zenyewe? Hazisemezani. Ofisi ya mishahara hununua programu yake mwaka huu, ghala lilikuwa na yake tangu miaka kumi iliyopita, na benki inayo yake iliyoandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Kila moja yajua mambo yake na desturi zake. Zahitaji mshenga, kama koo mbili zitakazo kuoana: ayapokee maneno huku, ayafikishe kule kwa namna inayofahamika, kisha alete jibu. Programu zifanyazo kazi hiyo nitaziita programu za kati. Tena pana hesabu ndani yake ambayo mwalimu wetu wa hisabati hataikataa. Programu 20, kila moja ikiunganishwa na kila mwenzake, zahitaji njia 190. Zikiunganishwa zote kwa mshenga mmoja, njia ni 20 tu.

Hapa Tanzania mfano hauko mbali. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali hupita katika mfumo uitwao GePG. Mlipaji hupewa namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontrol namba, akalipa kwa benki au kwa simu, na taarifa hufika katika ofisi inayomdai. Benki ni nyingi, kampuni za simu ni kadhaa, ofisi za umma ni mamia, na katikati yupo mshenga. Kadhalika Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye makao yake Dodoma, imejenga mfumo mwingine, GovESB, wa kubadilishana taarifa baina ya ofisi za Serikali. Mifumo hii imejengwa na wataalamu wa nchi hii hii, nao walipata kuwa wanafunzi kama sisi.

Basi, atakaye kuingia katika kazi hiyo ajifunze nini? Hapa ndipo nisipopatana na rafiki zangu wa chama cha kompyuta. Wao hushindana kutaja lugha za programu: huyu ana Python, yule ana JavaScript, mwingine ameshika ya tatu kabla hajaimaliza ya kwanza. Mimi nasema lugha moja ijulikanayo barabara yatosha kuanzia, na Python tunayofundishwa hapa si mbaya. Lakini mtu ajue kwamba programu nyingi za kati zimeandikwa kwa Java, lugha iliyotolewa kwa watu mwaka 1995. Apache Camel, mathalan, ambayo yeyote aweza kuichukua bure, ni ya Java. Kwa hiyo Java haina budi kufuata. Baada ya hapo ni SQL, lugha ya kuziulizia hazina za taarifa, maana habari zote utakazotumwa kuzichukua zimelala humo. Wengi wetu huidharau kwa kuwa haina picha wala rangi.

Stadi ya pili ni kufasiri, na hapa nitakaa kidogo. Taarifa husafiri katika maandishi yaliyopangwa, na namna mbili zitumikazo sana huitwa XML na JSON. Kujifunza kuzisoma ni kazi ya juma moja au mawili. Taabu iko katika maana. Nikikuandikia "njoo saa 3", Mswahili atafika asubuhi, na Mwingereza aweza kufika wakati sisi twatoka darasani. Tarehe 04/03/2025 kwetu ni siku ya nne ya mwezi wa Machi, lakini Mmarekani ataisoma kuwa ni siku ya tatu ya Aprili. Namba ya simu nayo, programu moja huiandika ikianza na 0, nyingine huiandika ikianza na 255, na ya tatu, ikidhani kwamba hiyo ni hesabu, huitupa ile 0 ya mbele, kwa sababu katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Mtu mmoja huandikwa kuwa watu watatu. Mwenye kazi ya kuunganisha hana budi kuyajua haya yote na kuyaandikia programu, tena aende akawaulize watu wa kila ofisi wanakusudia nini hasa wanapoandika "tarehe ya malipo": ni siku fedha ilipotumwa, au siku ilipofika? Kwa ajili hiyo nasema somo la insha ni la watu wa kompyuta pia, ingawa wengi wetu hulikimbia.

Stadi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kujua la kufanya jibu lisiporudi. Mwezi wa Januari mama yangu alininunulia tikiti ya basi kwa simu. Alituma fedha, akangoja, mwisho simu ikamwambia kwamba muda umekwisha, ajaribu tena. Akajaribu tena. Kumbe ombi la kwanza lilikuwa limefika salama, ila jibu lake ndilo lililopotea njiani. Nikawa na viti viwili ndani ya basi moja kwa jina moja, na fedha ile ya pili ilikuwa ya madaftari na sabuni. Ilirudi baada ya siku 19, na siku zote hizo nilikuwa mtu wa kuazima. Kampuni sitaitaja, wala sidhani kwamba ilikusudia kutuibia. Aliyeandika programu ile aliandika kana kwamba kila barua hufika na kila jibu hurudi.

Dawa yake yajulikana. Ombi lipewe namba yake na mtumaji kabla halijatoka, na likirudiwa liende na namba ile ile. Mpokeaji aiandike namba hiyo. Likimjia tena ombi lenye namba aliyokwisha kuiandika, asiifanye kazi upya, bali arudishe jibu lile la kwanza. Ni mistari michache ya programu na jedwali moja la SQL, na kwa kukosa hiyo mama yangu alilipa mara mbili. Na kama upande wa pili umelala, barua isitupwe, iwekwe katika foleni mpaka mwenyewe aamke. Programu za foleni ni za siku nyingi: IBM ilitoa yake, MQSeries, mwaka 1993, na RabbitMQ, ya mwaka 2007, yapatikana bure. Barua zisizosomeka hutengewa foleni yao pembeni, mtu azitazame kwa macho yake, zisije zikawazuia wenzao walio nyuma. Mambo haya sikuyabuni mimi. Gregor Hohpe na Bobby Woolf walikusanya mbinu 65 za namna hii katika kitabu chao cha mwaka 2003, kila mbinu na jina lake.

Wako wasemao kwamba siku hizi akili mnemba huandika programu yenyewe, basi tujihangaishe kwa nini? Nakubali kwamba huandika, tena upesi kuliko sisi. Lakini ukiiomba programu ya kuuza tikiti bila kuitajia habari ya jibu linalopotea, waweza kupewa ile ile iliyomtoza mama yangu.

Wazee wengine watasema mambo haya yangoje chuo kikuu. Kwa heshima zote, sioni sababu, maana mazoezi yake twaweza kuyafanya hapa hapa. Shuleni pana madaftari matatu yasiyosemezana: la kiranja wa bweni, lenye hesabu ya waliolala, la zahanati, lenye wagonjwa waliopewa ruhusa, na la stoo, lenye kilo za unga na maharage ya siku hiyo. Sote twajua matokeo yake. Timu ya mpira ikisafiri, ugali hubaki. Ikirudi ghafla, wa mwisho katika mstari hupata mchuzi mtupu.

Kwa hiyo naleta ombi kwa chama chetu na kwa mwalimu mlezi. Muhula ujao tuyaache mashindano ya kurasa zenye rangi. Makundi matatu yaandike programu tatu ndogo, moja kwa kila daftari, na taarifa zikae katika SQLite, ambayo ni bure. Makundi hayo yakatazwe kupatana mapema juu ya majina na tarehe, ili yapishane kama zipishanavyo ofisi za kweli. Kundi la nne liwe mshenga. Kisha mwalimu achomoe waya katikati ya kazi, nasi tuhesabu ni barua ngapi zimepotea na ni mgonjwa gani aliyeandikwa mara mbili.

Sisi wa kidato cha nne tuna mtihani mwezi wa Novemba, kwa hiyo twaweza kusaidia mpaka mwisho wa Agosti tu. Wa kidato cha kwanza na cha tatu watakao kuwamo katika kundi la nne na waniletee majina yao siku ya Jumamosi, baada ya usafi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne