Bata wa porini si kitoweo cha bei rahisi

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Busia kwenda kutafuta mchele Bunyala huwapita njiani: ndege wakubwa wamesimama ndani ya maji ya mashamba, mmoja kainua shingo akilinda, wengine wanakula. Wengi wetu husema tu "bata" na kuendelea na safari. Ndege wa namna hiyo wakija kuonekana tena wamenyonyolewa na kufungwa kwa kamba wakisubiri mnunuzi, ni vigumu kujua ni nani na wamekufaje. Ndiyo maana ni vyema kuwatambua wakiwa hai.

Bata bukini wa Ulaya hawafiki kwetu. Tulio nao ni wawili, na wote ni wenyeji wa Afrika. Wa kwanza ni bata bukini wa Misri: rangi ya kahawia, baka jeusi-jekundu kuzunguka jicho kama aliyepigwa ngumi, baka jingine kifuani, miguu ya waridi. Hupenda kutembea wawili wawili na ana kelele nyingi. Akiruka, weupe mkubwa wa mabawa yake hujitokeza ghafla.

Wa pili ni mkubwa zaidi, na kwa kweli hakuna bata mwingine wa porini Afrika anayemzidi. Dume huweza kufika kilo sita. Mgongo mweusi unaong'aa kijani, uso na tumbo vyeupe, mdomo na miguu myekundu. Kwenye kiwiko cha bawa ana mwiba, naye huutumia akipigana. Msimchanganye na bata mwenye nundu juu ya mdomo, ambaye ni mdogo na ana kichwa cheupe chenye madoadoa meusi.

Huyu mwenye mwiba ana jambo ambalo kila mnunuzi wa nyama angepaswa kulijua. Hula mbawakawa fulani wenye sumu inayobabua ngozi, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake bila kumdhuru. Watafiti waliithibitisha Gambia. Miligramu kumi tu zinaweza kumuua mtu, na kupika hakuiondoi.

Hiyo ni sumu ya asili. Inayotutia hofu zaidi ni ile inayotoka dukani. Kwa miaka mingi watafiti wa ndege wameeleza jinsi wawindaji katika mashamba ya mpunga ya Bunyala wanavyotumia karbofurani, dawa ya kuua wadudu. Huichanganya na mchele au kuitia ndani ya konokono, kisha hungoja. Korongo, njiwa na bata wa aina mbalimbali hula, hulegea, hushindwa kuruka, hukamatwa na kuuzwa kama kitoweo. Kutoa matumbo hakumhakikishii mlaji chochote.

Mwaka 2009 mtengenezaji wa dawa hiyo alitangaza kuiondoa Kenya baada ya simba kuuawa kwa sumu hiyo. Hata hivyo iliendelea kupatikana, na ripoti zilitaja kuwa ilivushwa kutoka nchi jirani. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa mpakani moja kwa moja. Kinachopigwa marufuku upande mmoja, kikiruhusiwa upande wa pili, hupata njia ya panya kabla wiki haijaisha. Karbofurani iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaotaka nchi ziarifiane kabla ya kuipeleka kwa jirani. Kenya, Uganda na Tanzania pia ni wanachama wa makubaliano ya kulinda ndege wa majini wa Afrika na Ulaya. Karatasi zipo.

Tunazitaka wizara za kilimo za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zikae pamoja na kuwa na orodha moja ya viuatilifu vilivyopigwa marufuku, ibandikwe kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, kwa Kiswahili, pale pale panapojazwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ofisa anayekagua gunia la mchele aweze pia kutambua dawa hiyo ya rangi ya zambarau.

Kwa ndugu zetu wafanyabiashara: nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza biashara ya nyama ya porini, kwa hiyo anayekamatwa nayo hana wa kumtetea. Ukiletewa bata mnono mwenye mwiba bawani, muulize muuzaji alimpata wapi, na alikuwa anaruka au amelala.