Ukavu Si Aibu, na Mafuta ya Mgando Si Kilainishi

Hivi karibuni nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Gisenyi, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Zamu yake ilipofika, aliagiza pakiti ya kondomu, kisha akainama hadi kidevu kikakaribia kugusa kaunta, akanong'ona: "Kaka, mnacho kile cha kulainisha?" Kijana muuzaji akageuka, akamuuliza mwenzake aliyekuwa stoo, kwa sauti ya sokoni, kama kilainishi cha tendo la ndoa kipo. Foleni nzima ikanyamaza. Mama yule akasema haraka, "Hapana, acha, nipe mafuta ya mgando." Akalipia vyote viwili, akaenda zake.

Kopo lile na pakiti ile havikai pamoja. Kondomu nyingi ni za lateksi, yaani mpira wa asili, na mafuta huula mpira huo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha kipimo kinachotisha: kondomu za lateksi zilizoguswa na mafuta ya madini, yale yanayotengenezewa mafuta ya kupaka watoto, zilipoteza hadi asilimia 90 ya nguvu zake ndani ya sekunde 60. Niliwahi kumwona muuguzi akilionyesha jambo hilo. Alizijaza hewa kondomu mbili zikawa kama maputo, moja akaipaka maji, ya pili mafuta ya mtoto, akaendelea kutufundisha. Ile ya maji ilibaki imetuna mpaka tunaondoka. Ya mafuta ilipasuka katikati ya maneno yake, na kina mama wawili wakashika vinywa. Mafuta ya nazi, mawese, samli na losheni ya mikono, vyote hudhoofisha lateksi vivyo hivyo.

Lakini si kutojua habari ya mafuta kulikomrudisha mama yule nyuma. Kilichomrudisha ni imani iliyoota mizizi kwetu: kwamba mwanamke kamili hutiririka mwenyewe, na anayetafuta msaada dukani ana kasoro, au hampendi mumewe. Sisi tunaoishi ufukweni tumelelewa na hadithi ya malkia ambaye mumewe, mfalme, alikuwa vitani, naye akalala na mlinzi aliyekuwa akitetemeka kwa hofu, na maji yaliyomtoka yakawa Ziwa Kivu. Huko ndiko kunakosimuliwa asili ya kunyaza, mbinu ya mwanamume kumchochea mwanamke mpaka atokwe na maji. Mila hiyo naiheshimu kwa moyo wote, kwa sababu inamdai mwanamume asiwe na pupa na inaitanguliza raha ya mwanamke. Ninachokataa ni kuigeuza hadithi kuwa mizani ya kumpimia mke, kwamba mwenye maji anasifiwa kama Kivu na asiye nayo anafananishwa na jiwe.

Mwili haupokei amri ya hadithi. Anayenyonyesha, kama mama yule, homoni ya estrojeni humshuka na uke hukauka, hata kama anampenda mumewe kuliko jana. Aliyekoma hedhi hali yake ni hiyo hiyo. Zipo dawa za mzio zinazokausha, na wapo wanaokaushwa na sindano ya uzazi wa mpango. Na yupo mama anayepanga foleni mpakani, Petite Barrière, tangu alfajiri na mzigo kichwani, akarudi jioni apike, aogeshe watoto, kisha adaiwe atiririke. Shangazi anayemfunda bibi harusi bila kumwambia haya anamtuma vitani mikono mitupu.

Basi achague nini? Kilainishi cha maji au cha silikoni. Vyote viwili haviidhuru lateksi. Ila cha maji nacho kina mema na mabaya yake. Vingi vimejazwa gliserini, na gliserini ikizidi hufanya kazi ya chumvi uliyonyunyiza kwenye kabichi: huvuta maji kutoka kwenye chembe za ngozi laini ya ndani, ikachubuka. Ndiyo maana mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo cha wingi wa viambato vilivyoyeyuka ndani yake, yaani osmolaliti, kisizidi miliosmoli 1,200 kwa kilo, na vizuri zaidi kiwe chini ya 380. Kwa uke, uchachu uwe karibu na pH 4.5. Namba hizi hazipo kwenye kila boksi, kwa hiyo soma viambato: gliserini au propilini glikoli ikitajwa mwanzoni kabisa, rudisha. Vya manukato, vya ladha na vya "kupasha moto", viache.

Ukiona nonoksinoli-9, usinunue kabisa. Dawa hiyo ya kuua mbegu za kiume iliwahi kutumainiwa kwamba ingezuia Virusi vya Ukimwi. Ikajaribiwa kwa wanawake waliouza ngono Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, na mwaka 2000 ikabainika kwamba walioitumia waliambukizwa zaidi ya wenzao, kwa kuwa iliwachubua. Mate yanayotumiwa badala ya kilainishi nayo hukauka upesi. Na wanaotafuta mtoto wajue kwamba mate na vilainishi vingi hupunguza mwendo wa mbegu, hivyo waulize vile vilivyotengenezwa kwa ajili yao.

Maumivu yakiendelea au damu ikitoka, nenda kituo cha afya. Hapo kilainishi kinaficha tu jambo linalohitaji daktari.

Nanyi wauza dawa wa mji huu, toeni tyubu za vilainishi nyuma ya pazia. Ziwekeni kwenye rafu ya wazi, kando ya dawa ya meno na sabuni, bei ikiwa imebandikwa, ili mama mwenye mtoto mgongoni anyooshe mkono achukue mwenyewe, bila kunong'ona.