Alama za Mtoto Si Mizani ya Mwalimu

Kila yanapozungumzwa mapato ya watumishi wa serikali, hakosi mtu wa kusimama na kudai kwamba kila mmoja alipwe kwa kadiri ya kazi yake. Sina ugomvi na dai hilo. Mwalimu aingiaye darasani kila siku na yule aonekanaye mwisho wa mwezi tu hawastahili kutazamwa kwa jicho moja. Ugomvi wangu ni juu ya mizani.

Jambo hili limewahi kujaribiwa humu humu nchini. Mwaka wa 1998 na 1999, katika wilaya za Busia na Teso, zilichukuliwa shule 100 za msingi, na kwa kura zikateuliwa 50. Walimu wa darasa la nne hadi la nane katika shule hizo 50 waliahidiwa zawadi iwapo wanafunzi wao wangefanya vyema katika mitihani ya wilaya. Zawadi zilikuwa vitu kama suti, vyombo vya mezani na mablanketi, na thamani yake ilikuwa baina ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Waliobuni mpango huo walikuwa waangalifu. Walituza shule nzima, wala si mwalimu mmoja mmoja. Walizikumbuka shule zilizopiga hatua pamoja na zilizoongoza. Na mtoto asiyefanya mtihani alihesabiwa alama za chini, ili wanyonge wasifungiwe nje.

Alama zilipanda. Hata hivyo watafiti, ambao ripoti yao ilichapishwa mwaka wa 2010, waliona kwamba walimu hawakuhudhuria kazini zaidi ya wenzao, wala hawakutoa kazi zaidi za kufanyiwa nyumbani. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Zawadi zilipokoma, faida ile ilitoweka. Siwalaumu walimu hao: waliambiwa kinachonunuliwa, nao wakauza hicho.

Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanzisha tathmini ya utendakazi mwaka wa 2016, wengi walinung'unikia wingi wa makaratasi. Mimi nahofia zaidi siku ambayo mshahara utafungwa kwenye alama. Mtoto wa mjini aliyekunywa chai asubuhi na mwenye vitabu nyumbani hawezi kulinganishwa na mtoto wa Turkana ambaye ukame umewahamisha wazazi wake pamoja na mifugo. Je, muuguzi wa zahanati naye alipwe kwa idadi ya waliopona?

Mwalimu na apimwe kwa yaliyo mikononi mwake: kuhudhuria, kuandaa masomo, kusahihisha madaftari. Na vyama vya walimu vitakapoketi tena na mwajiri, visiulize asilimia pekee. Viulize pia ni nani atakayeshika mizani, na mwalimu aliyepunjwa atakata rufani wapi.